Avatar Ipi, Mzee?

Watu wa muvi nina kesi nao. Wana hela za kutengeneza dunia nzima yenye milima inayoelea angani, lakini ikifika zamu ya kutafuta jina, wanaokota lililokwisha kutumika.

Hebu tazama Avatar. Mwaka 2005 Nickelodeon walitoa katuni, Avatar: The Last Airbender. Steringi wake ni Aang, kitoto chenye kipara na mshale wa bluu kichwani, anayetakiwa ajue kuamrisha hewa, maji, ardhi na moto. Mwaka 2009 James Cameron naye akaja na Avatar yake: majitu ya bluu yenye mikia, yanaishi Pandora, na Aang hawamjui hata kwa salamu. Mwaka uliofuata M. Night Shyamalan akaigeuza ile katuni kuwa muvi ya watu, na neno Avatar likaondolewa kwenye jina ili isigongane na ya Cameron. Yaani mwenye nyumba kahama, mpangaji kabaki!

Kwenye gemu ni vurugu zile zile. Aang ana zake, Pandora ina zake, na 2023 Ubisoft wakaongeza Avatar: Frontiers of Pandora. Mwaka 2024 Netflix wakamrudisha Aang akiigizwa na mtoto wa kweli, na Avatar yake mbele kama zamani.

Sasa mwanangu ananituma, "Baba, niletee Avatar," kisha huyo, kakimbilia mpira. Nafika kwa dogo anayejaza muvi kwenye flashi.

"Shikamoo mzee. Avatar ipi?"

"Marahaba. Ile ya maji."

"Zote zina maji, mzee."

Na hakunionea. Katuni ina sizoni tatu: Maji, Ardhi, Moto. Cameron kaleta ya maji 2022, ya moto 2025. Nikasema basi ile yenye bluu. Dogo akanikumbusha mshale wa Aang. Nyuma yangu foleni imeanza kuguna.

"Mzee, unataka ya kipara au ya mikia?"

"Kipara."

"Katuni au watu?"

"Katuni!"

"Sizoni zote?"

Flashi yenyewe haina nafasi.

Na mimi nina nafuu. Kuna wazazi wanaoagiza Frozen. Ya Disney ya 2013 ina Elsa na nyimbo. Lakini iko nyingine ya 2010: vijana watatu wamenasa juu kwenye kiti cha kupandia mlima wa theluji, usiku, na chini mbwa mwitu wanawasubiri. Mpe mtoto hiyo, uone kama atalala peke yake tena.

Wala si rahisi kumshitaki mtu. Sheria ya Marekani haitoi hakimiliki kwa jina tupu la kazi, kwa hiyo kila mtu anajichotea.

Ndiyo maana mtaani hatukuwahi kuhangaika na maandishi ya kwenye kasha. Muvi ni ya steringi na alichofanya. Sema "ile Schwarzenegger kabeba gogo begani", hata bibi yako anajua ni Commando.

Cameron, nasikia, ana mpango wa Avatar mbili zaidi. Maji katoa, moto katoa. Zimebaki hewa na ardhi. Hesabu hiyo pigeni wenyewe.