Namna ya Kuwarudisha Wazee wa Jazz Jukwaani, Mloka

Kwanza tafuta bendi iliyokufa. Hapa ndipo waandaaji wengi hukosea. Hukimbilia Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Nuta Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na haijawahi kupumzika. Bendi ambayo haijaondoka utaitangazaje kwamba imerudi? Wewe unataka bendi iliyosambaratika vizuri: mwenye vyombo alisusa, mwimbaji akanyakuliwa na bendi ya pili kwa ahadi ya kitanda na godoro, gitaa la besi likabaki rehani baa. Wakishamaliza miaka 40 bila kusalimiana, una biashara.

Kwa watu wa ukanda huu huna haja ya kutafuta mbali. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilivuma miaka ya 1960. Na mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, kabla hajawa Gurumo wa Nuta na wa bendi ya Mlimani Park, alipitia Rufiji Jazz. Ukiwa Mloka, Rufiji, hilo la Rufiji Jazz liseme kwa kipaza sauti, tena mara mbili. Kwamba alizaliwa Kisarawe waachie watu wa Kisarawe waje kulisema wenyewe.

Bango liandike JAZZ kwa herufi kubwa, kisha jiandae na mgeni kutoka kambi za watalii. Mloka iko jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kiangazi hawakosekani wageni ambao mchana wameshamwona simba na usiku hawana la kufanya. Atakuja mmoja na suruali yake ya kaki, atakaa meza ya mbele, atasubiri jazz ya Marekani. Badala yake atapigiwa magitaa matatu, tumba na rumba. Usimwombe radhi. Mwambie Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, na mwaka uliofuata zikaanza kutoka santuri za GV zilizowaletea Waafrika muziki wa Kuba, na vijana wetu wakazishika hasa. Mwambie Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, na kwamba Wakuba wenyewe mapigo hayo walirithi kwa watu waliopelekwa utumwani, wengi kutoka Kongo. Kwa hiyo anachosikia ni muziki wa visiwa vya Karibi uliopita nyumbani kusalimia wazee. Akizidi kuuliza jazz iko wapi, mwonyeshe bango.

Sasa wakusanye wenyewe. Mpiga solo anashona nguo Mbagala, huyo ni rahisi. Mpiga besi ameokoka na siku hizi anapigia kwaya. Usimshangae, kwani hata Cosmas Chidumule, moja ya sauti kubwa za Mlimani Park, aliacha dansi akaimba Injili. Mpiga tumba amehiji, anaitwa Alhaji, na wajukuu wake hawajui kwamba mikono ile iliwahi kukesha ukumbini. Hawa wawili usiwafuate kanisani wala msikitini. Nenda nyumbani jioni, beba kilo mbili za sukari, toa shikamoo, ulizia afya za watu wote hadi za mbuzi. Kisha washa wimbo wao wa zamani kwenye simu, sauti ya chini, uilaze mezani na uendelee kuzungumzia mvua. Ukifika ubeti wa pili tazama mkono wa kiti: vidole vya Alhaji vimeanza kugonga, na vinagonga penyewe, si pembeni. Hapo funga mdomo. Atakayekusaidia ni mkewe: "Nenda nao tu, mzee, utanivunjia kiti changu."

Wakisingizia uzee, watajie Shikamoo Jazz. Mwaka 1993 wakongwe wa bendi mbalimbali, akiwemo Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora, walikusanywa wakapewa vyombo, na mwaka 1995 wakapiga Uingereza wakiwa na Bi Kidude. Kisa kizuri. Usikisimulie sana, maana msikilizaji makini atauliza nani aliyewapa vyombo, na itakubidi ujibu kwamba ni HelpAge, shirika la kuhudumia wazee. Nchi nzima ilikuwa inazicheza nyimbo zao harusini, lakini gitaa lilitoka kwenye fungu la msaada.

Usafiri usiudharau. Morogoro Jazz walifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970. Kuwatoa watu sita Mbagala hadi Mloka ni kazi kubwa kuliko hiyo. Lami ya barabara ya Kilwa itawafikisha Kibiti bila neno. Kutoka pale ni vumbi wakati wa kiangazi na kusukuma gari wakati wa masika. Kwa hiyo Aprili iache. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yaliingia mashambani na majumbani, na hakuna anayekata tiketi huku godoro lake limeanikwa juu ya mti. Piga Agosti: mpunga umeshavunwa, fedha ipo, na madeni ya duka yamelipwa nusu.

Umeme je? Mtu atakucheka ukitafuta jenereta ilhali Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, liko juu kwenye mto huu huu wa Rufiji. Mwache acheke. Umeme wa bwawa hupanda laini ya kilovolti 400 ukaenda Chalinze, wala hauna habari na onyesho lako. Kodi jenereta, iweke nyuma kabisa, na petroli kabidhi mtu asiyekunywa.

Ukumbi uwe mdogo. Watu 80 chini ya paa la makuti ni nyomi. Watu hao hao uwanjani wanafanana na abiria waliokosa basi. Mgeni rasmi utampata tu, hata usipomwalika. Atafika saa nne usiku, atasimamisha wimbo uliokuwa ndiyo kwanza unachanganya, atasema zilipendwa ndizo zenye ujumbe, ataahidi gitaa jipya. Ahadi yake iandike kwenye daftari la peke yake, usije ukajumlisha na mapato. Vijana nao watadai singeli. Wape robo saa wazee wakipumzika, usiwape zaidi.

Wimbo wa kwanza utakuwa mbovu. Wa pili utakuwa mbovu kwa kujiamini. Kwenye wa tatu mpiga besi atasahau kwamba ameokoka, na hapo mama mmoja wa makamo atainuka na noti ya elfu mbili, atakwenda nayo akiyumba taratibu kwa mapigo, atambandika mwimbaji kwenye paji la uso lenye jasho. Noti ile ni ya mwimbaji. Wako waandaaji wanaopitisha kijana na kikapu kukusanya tuzo "zisipotee", na kweli mwimbaji hazioni tena. Ukimwona kijana wa aina hiyo karibu na jukwaa, na si wewe uliyemtuma, mfukuze. Kama ni wewe uliyemtuma, basi mwongozo huu umeusoma kwa kasi mno.

Usifunge saa saba usiku. Mjini mtu akitoka baa hupanda bodaboda akaenda kulala. Huku usiku viboko hutoka mtoni kula majani, na tembo wana njia zao zisizojali ya kwako. Tangaza kwamba onyesho ni mkesha. Wateja watadhani ni ukarimu, mwenye baa atauza hadi asubuhi, na wazee watapiga nyimbo ambazo hata wao walidhani wamezisahau.

Imebaki fedha. Desturi inakutaka umlipe mwenye vyombo, mwenye ukumbi, mshereheshaji na mwenye jenereta, halafu wazee uwaambie kwamba kilichopatikana zaidi ni heshima. Heshima wanayo tele. Nyimbo walizorekodi Radio Tanzania miaka ya 1970 zilikuwa na takriban miaka 20 au zaidi hewani ndipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ikapitishwa, mwaka 1999. Safari hii pindua foleni: bahasha za wazee zifungwe kabla wimbo wa kwanza haujaanza, kila moja na nauli ya kurudi ndani yake. Basi la Dar es Salaam huondoka Mloka alfajiri, na kondakta hapokei heshima.