Boksi la Dola Moja

Aliyeniumbua Jumamosi iliyopita ni mtoto ambaye hata sauti yake haijavunjika. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheusi, kwenye ukumbi wa hoteli hapa Houston ambako wauza kadi za wachezaji hukutana mwisho wa wiki. Baba yake alikuwa pembeni anakula, na biashara yote ilikuwa ya mtoto.

Nikampa kadi yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kikasha kigumu, ndani ya bahasha: Hasheem Thabeet, kadi ya mwaka wake wa kwanza, msimu wa 2009-10, jezi ya Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kijana wa Dar es Salaam aliyesoma sekondari hapahapa Houston, akaenda chuo Connecticut, na Juni 2009, timu za ligi nzima zilipochagua vijana wapya, akaitwa wa pili. Swali langu lilikuwa fupi na la kitaalamu: niipeleke sasa kwa wapimaji wa kadi ikapigwe gredi ya ubora, au nisubiri kwanza ipande bei?

Mtoto akawasha kitaa, akabandika jichoni lenzi ya sonara, akaigeuzageuza. Kimya kile nikakitafsiri vizuri. Nikaanza kutabasamu.

"Mzee, usiipeleke."

Akainama, akavuta kutoka chini ya meza boksi la katoni ambalo kila kilichomo kinauzwa dola moja. Akapekua kwa vidole viwili, akatoa Hasheem mwingine. Akatoa mwingine. Akatoa mwingine tena. Akawapanga mbele yangu, wote jezi ileile, wote mkono juu.

"Ninao wengi," akasema. "Unataka?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na foleni ikacheka. Mmoja akauliza ni nani huyo kwenye picha. Mwenzake akamjibu: si yule aliyechaguliwa kabla ya Harden na Curry? Basi, hilo ndilo jina lake kamili. James Harden aliitwa wa tatu mwaka ule, Stephen Curry wa saba. Kadi moja ya Curry ya msimu huohuo, isiyo na pacha duniani, mwaka 2021 ilithaminiwa dola milioni 5.9. Ya Hasheem inalala kwenye katoni, jirani na kiatu cha mtoto.

Nikadhani aibu imeisha. Haikuisha. Mtoto akachukua mmoja wa wale wa kwenye boksi, akamweka sambamba na wangu, akanisogezea lenzi. "Na huyu wa dola," akasema, "ni mzuri kuliko wako. Wako amehamia kushoto."

Nikaangalia. Wallahi, alikuwa amehamia kushoto. Miaka yote nimekaa na kadi ile sikuwahi kuona kwamba pambizo ya kulia ni nene na ya kushoto imekonda. Tangu siku hiyo sioni kitu kingine. Naona milango iliyokaa upande. Naona picha ya harusi yangu ukutani, na aliyeipigilia msumari ni shemeji yangu, ambaye mpaka leo ninamheshimu kwa shida.

Kwa hiyo nikakesha nasoma, na lazima nikiri kwamba elimu yenyewe ni tamu kuliko nilivyotegemea. Mpimaji wa kadi hana habari na aliyechorwa juu yake. Yeye anasoma karatasi, inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu, na anaisoma kwa mambo manne: ukaaji wa katikati, pembe, kingo na uso.

Katikati ni mambo ya kuzaliwa. Kadi huchapwa nyingi kwa pamoja kwenye shiti kubwa, kisha shiti inakatwa. Shiti ikisogea unywele mmoja kabla kisu hakijashuka, kadi zote za mkato ule zinatoka na kilema cha maisha, hata kama mkono wa mtu haujazigusa. Pambizo za mbele zikigawana 55 kwa 45, kumi, yaani alama ya juu kabisa, bado inawezekana. Nyuma wapimaji wanavumilia hata 75 kwa 25, kwa kuwa hata wao wanajua hakuna anayenunua mgongo. Kingo nazo hutegemea ukali wa kisu: kikiwa butu huacha nyuzinyuzi. Pembe ndizo zinazolipia uhai wa kadi. Kadi yenye rangi nyeusi mpaka ukingoni ikigonga kitu mara moja tu, weupe wa karatasi ya ndani unachungulia. Halafu uso: mikwaruzo, mistari iliyoachwa na rola za mashine, alama ya kidole cha mtu aliyekula mbatata.

Kadi za kung'aa zina maradhi yao ya ziada. Upande mmoja ni tabaka la kung'aa lisilonywa maji, upande wa pili ni karatasi inayoyanywa. Hewa ikiwa na unyevu, karatasi inatanuka na lile tabaka linagoma, na kadi inapinda taratibu ndani ya kabati usiku watu wamelala. Hewa ya Houston unaweza kuifulia nguo. Niliyo nayo ya kung'aa imepinda kiasi kwamba ukiiweka mezani na kuigusa inabembea.

Mambo yote manne yakishajumlishwa, inatoka namba kuanzia moja hadi kumi. Kisha kadi inawekwa kati ya vipande viwili vya plastiki ngumu, na hapa ndipo nilipofungua macho: havifungwi kwa gundi wala kwa skrubu. Vinafungwa kwa sauti. Mashine inatoa mtetemo mkali ambao sikio la binadamu haliusikii, plastiki inasuguana na plastiki mwenzake, inapata joto pale ukingoni tu, inayeyuka, inashikana, na katikati kadi haijui kama kuna lililotokea. Nimeitazama video ya kazi hiyo mpaka mke wangu akauliza kama natafuta ajira.

Baada ya hapo inakuja bei, na bei haina adabu. Kumi inaweza kuuzwa mara kadhaa ya tisa, wakati kinachozitenganisha ni nukta ambayo mimi na wewe tungeipangusa tukidhani ni vumbi. Tena kampuni za upimaji zinatangaza hadharani ni kadi ngapi za aina ile zimepata kumi, ngapi tisa, ngapi nane. Zikiwa kumi nyingi, kumi yako inashuka. Kwa hiyo kila mwenye kadi nzuri anawaombea wenzake pembe mbovu. Kule Moshi kahawa nayo hupangwa madaraja, AA, A, B, PB, lakini ya AA mwishowe kuna mtu ataikaanga, ataisaga na kuinywa. Kadi ikishapata kumi haiguswi tena na ngozi ya binadamu. Kazi yake inakuwa ni kuuzwa.

Nani anahakikisha kwamba namba ni ya kweli? Macho ya watu. Ndiyo maana wapo wanaovunja kasha la tisa kwa koleo, wakaipeleka kadi ileile tena, wakitumaini safari hii mpimaji ameamka vizuri. Na wapo waliofanya makubwa kuliko hayo. PSA, kampuni iliyoanza kazi hii mwaka 1991, kadi yake ya kwanza kabisa kuipa namba ilikuwa ya mcheza besiboli Honus Wagner, iliyotoka ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Wayne Gretzky, yule bingwa wa hoki, alikuwa ameinunua mwaka huohuo wa 1991 pamoja na mwenzake Bruce McNall kwa dola 451,000. Ikapewa nane. Kipande cha karatasi cha sigara, umri zaidi ya miaka themanini, kimefika kikiwa na kingo za kunyoa ndevu, kikapewa nane. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, dalali ambaye kadi ile ilipitia mikononi mwake kabla ya Gretzky, akakiri mbele ya mahakama kwamba zile kingo alizikata yeye. Na kanuni inasema kadi iliyokatwa haistahili namba yoyote.

Jirani yangu Mkongo alipeleka kadi yake ya 1991 ya mcheza kikapu Dikembe Mutombo kwenye kampuni fulani, nisiitaje. Pakiti aliifungua mwenyewe, enzi za ujana wake. Ikarudi bila namba, na maelezo kwamba kingo zinaonekana zimekatwa. Mtu huyo hata mkate anaukata upande. Ada hawakurudisha.

Ada hiyo naijua, maana nimeshailipa kabla, si kwa kadi. Nilipofika nchi hii niliambiwa shahada yangu haisomeki mpaka ipelekwe kwenye ofisi moja ikathaminiwe. Nikalipa. Chuo kikatuma matokeo ndani ya bahasha yenye lakiri. Baada ya muda nikapata barua kwamba kile walichokiona kinakaribiana na shahada. Kinakaribiana! Aliyeisoma hakuniuliza hata swali moja la nilichosomea. Katika mji huu nimepanda gari la mhandisi na nimeona mwalimu wa fizikia akiwaogesha wazee usiku, na si kwamba kazi hizo hazina heshima. Ni kwamba walishalipia namba, namba ikatoka ndogo, na hakuna koleo la kuvunjia kasha.

Ndiyo sababu sikuweza kucheka na ile foleni. Hasheem hakuomba kuitwa wa pili. Wazee wenye suti wa klabu walimtazama kijana wa futi saba na inchi tatu, wakambandika namba yao, na namba iliposhindwa kutoka kama walivyotaka, aliyechekwa ni yeye. Angeitwa wa thelathini, kwa mechi zilezile alizocheza, leo angekuwa mchezaji wa kawaida aliyefika ligi kubwa kuliko zote, na asingewekwa kwenye boksi la mtu. Waliokosea hesabu hawajachapishiwa kadi.

Lakini yapo maswali ya kweli, na nimeulizwa na zaidi ya mmoja kwenye kundi letu la simu tangu habari zangu zisambae, kwa hiyo niyajibu. Usipige hesabu kwa bei ya kumi. Kumi ni dua. Tafuta tisa ya kadi yako iliuzwa kwa bei gani, si bei ambayo muuzaji anaiota, bali bei ambayo mtu ametoa pesa. Toa bei ya kadi ikiwa haina gredi. Toa ada. Toa posta ya kwenda, posta ya kurudi, na bima. Kama tisa haikuachii kitu, ibaki nyumbani. Kadi ya zamani sana ni jambo jingine: hata ikipata tatu, kasha linamhakikishia mnunuzi wa mbali kwamba si ya kughushi, na hilo pekee linalipa. Na ujue kwamba wakiona kadi yako imepata thamani kubwa kuliko daraja la ada ulilochagua, watakudai nyongeza. Ikishuka thamani hawakupigii simu.

   

Hasheem, kwa hesabu hiyo, hana hoja. Ada ni dola ishirini na kitu, kadi ni dola moja, na yule bora kabisa, aliyekaa katikati, mtoto alinipa bure nilipokuwa naondoka, pengine ili foleni isogee. Hata akipata kumi, sitarudisha pesa ya posta.

Hata hivyo, jana usiku nilikuwa najaza fomu yake ya upimaji. Kuna kisanduku kinachotaka thamani ya kadi kwa dola, na kisanduku hicho ni mtego. Ukiandika ndogo, ada inakuwa nafuu, lakini bima nayo inakuwa ya ndogo. Ukiandika kubwa, kadi inalindwa sawasawa, na ada inapanda. Nilikuwa nimekikodolea macho muda mrefu mke wangu alipokuja kusimama nyuma ya kiti.

"Ikipotea njiani wanatulipa?"

"Wanatulipa. Kwa kiasi nitakachoandika hapa."

Akafikiri.

"Basi andika vizuri, mume wangu. Na bahasha usiigundishe sana."