Heri Mwenye Jina la Mkubwa Kinywani

Wenye kusifu mvua na waisifu. Mimi nataka kusifu kitu ambacho hapa Katoyi, mjini Goma, huwezi kukaa kibarazani robo saa bila kukisikia: jina la mkubwa. Simsifu mkubwa mwenyewe. Huyo ana waimbaji wake wa Kinshasa wanaomtupia libanga, yaani kulitaja jina lake kwa sifa, katikati ya sebene, na kwa kawaida hulipia. Nalisifu jina lake linapokaa kinywani mwa mtu ambaye si mkubwa hata kidogo, kama mzee mmoja jirani yangu.

Sifa yake kuu ni wepesi. Katika mji huu mali nzito ni balaa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilitiririsha moto mpaka katikati ya Goma, na wenye friji, makabati na mashine za kusaga wakawa watu waliowahi kuwa na friji, makabati na mashine za kusaga. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 anga ikawa nyekundu tena. Watu wakatoka mbio, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi, huyu na godoro, yule na cherehani kichwani. Jirani yangu hakubeba hata sufuria. Alibeba majenerali wawili, mheshimiwa mbunge mmoja na mkurugenzi wa forodha, na wala hakutoka jasho. Jina haliungui. Haliliwi na panya, halishiki kutu. Magunia ya viazi yanayotoka Kibumba huhitaji chukudu ya mbao na kijana mwenye mapaja ya chuma. Jenerali mzima, pamoja na walinzi wake na gari lake la vioo vyeusi, hupanda ulimini na kuteremka bila kusukumwa. Waasi wa M23 walipoingia Januari 2025 na benki zikafunga milango, wenye akiba walibaki kushika vichwa. Mwenye jina aliendelea na matumizi yake. Noti ukiitoa imekwenda, lakini jina unalitoa asubuhi kwa muuza makaa, unapewa makaa, na jioni unalo bado la kumpa fundi viatu.

Zipo sifa ndogondogo. Halilipiwi kodi. Linafukuza upweke. Mtu aliyeshindwa kulipia kasiksi aliyokwisha kuinywa, akitaja jina zito, huonekana amesahau tu pochi nyumbani.

Tena linafundisha historia kuliko shule. Enzi za Mobutu mambo yalikuwa mepesi: mwaka 1975 vyombo vya habari viliwahi kukatazwa kumtaja kiongozi mwingine yeyote kwa jina, wengine wote wakawa vyeo tu, basi mtu alikuwa na jina moja la kukariri. Taabu ilianza baadaye. Waasi wa AFDL waliingia mwaka 1996, wa RCD mwaka 1998, kisha Kinshasa ikarudi. Novemba 2012 M23 walikaa siku kumi na moja hivi, muda ambao hautoshi hata kujifunza nani ni shemeji wa nani. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi, na Januari 2025 M23 tena. Kila mara mzee huyu alilala na majina ya zamani akaamka na mapya, na yote, kwa maelezo yake, ni ya watu aliokula nao juzi. Profesa gani anasahihisha somo lake kwa kasi hiyo?

Anapoahidi msaada husema, "Nitamupigia sasa hivi." Halafu ananigeukia: "Niazime simu, sina unite." Simu yangu imekwisha kumpigia dada yake, fundi wake wa mabati na mdeni wake wa Birere. Jenerali bado zamu yake haijafika.

Hayo yote nayavumilia. Lakini kwenye bomba la maji, wakati wa kiangazi, umepanga bidoni zako tangu giza, watoto wamelala juu yake, kisha anatokea kijana na bidoni kumi anasema tu, "Hizi ni za madamu wa kanali," na mwenye bomba anazisogeza mbele! Hakuna anayeuliza kanali yupi. Mama mwenye mtoto mgongoni anarudishwa nyuma, naye hasemi kitu, kwa sababu huenda kanali yupo.

Na hapo ndipo inanibidi nimwombe radhi jirani yangu, kwa kuwa ugonjwa hauko mdomoni mwake. Uko masikioni mwa wanaosikiliza. Nilipeleka dosie ya kiwanja ofisini. Viwanja vya Katoyi ni vyembamba. Ukuta ukisogezwa dhiraa moja, choo chako kimekuwa cha mwenzako. Nilikuwa na karatasi zote, mihuri, risiti. Karani hakuzifunua. Alinitazama viatu, kisha akauliza, "Wewe uko mutu ya nani?"

Mutu ya nani! Niko mtu wa mama yangu. Niko mtu aliyelipa, na risiti hiyo hapo chini ya kiwiko chako.

Dosie ilikwenda chini ya rundo. Aliyenifuata hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na jina, akalitamka kwa sauti ya chini, na kiti kikaletwa. Sidhani karani yule ni mtu mbaya. Huenda hata mshahara haupati, na pale alipokaa aliwekwa na jina la mtu, kwa hiyo analinda kilichomlisha. Aliye juu yake naye ana jina lake, na wa juu ya huyo vilevile, na sijui ni ghorofa ya ngapi ungekutana na mtu anayesoma karatasi.

Ombi langu ni dogo. Kila ofisi ibandike mlangoni, karibu na saa za kazi, orodha ya majina yanayopokelewa wiki hiyo: meja anavusha dosie ngapi, mbunge ni sawa na makapteni wangapi, na majina gani yameondolewa tangu Jumatatu. Nasi tusio na la kutaja tujue mapema, tuokoe nauli ya pikipiki.