Jinsi ya Kuandaa Sherehe ya Mtindo Bila Kuitiwa Chifu

Kwanza tuelewane kuhusu unachotaka. Umeona picha kwenye simu: watu kama kumi na wawili wamevaa nyeupe tupu, wamesimama kando ya meza yenye mishumaa, kila mmoja ameshika glasi na hakuna anayekula. Ukapenda. Una nyumba ya kupanga Milimani, Kitale, au umejenga kule Kanduyi, Bungoma. Una kiwanja cha nyasi na una marafiki. Sasa unataka kuwaita Jumamosi moja, utangaze rangi, au enzi, au nchi ya mbali, nao waje wamevaa kama ulivyotangaza. Mwongozo huu ni wako. Umeandikiwa mtu mwenye nia njema ambaye hajawahi kuandaa jambo mahali ambapo majirani wana macho.

Anza na tenti, maana tenti ndiyo itakayokuponza. Huku kwetu, tenti na viti vya plastiki uani vina maana tatu tu: kuna harusi, kuna mwanasiasa, au kuna maiti. Harusi ingekuwa imetangazwa kanisani. Mwanasiasa angekuwa ametanguliwa na spika juu ya gari. Kwa hiyo mpita njia anayeona tenti yako ikisimamishwa Ijumaa jioni anapiga hesabu na kupata jibu moja. Kufikia saa mbili usiku mama jirani yuko mlangoni, leso kichwani, gorogoro la mahindi mkononi, akiuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetuacha. Ukimwambia hakuna aliyekufa, ni sherehe tu ya marafiki, atakutazama kwa muda, ataweka mahindi chini, ataketi. Huyo ni mgeni wako wa kwanza, na hajavaa rangi uliyotangaza.

Ukishajua hivyo, nyeusi usiiguse. Najua “Usiku wa Nyeusi na Dhahabu” unasomeka vizuri kwenye kadi. Lakini tenti, watu waliovaa nyeusi na besi inayotikisa mabati saa nne usiku ni disko matanga, na disko matanga limepigwa marufuku mara nyingi mno magharibi mwa Kenya hata hakuna chifu asiyejua la kufanya akisikia mdundo. Atakuja na askari. Atauliza maiti iko wapi. Utamwambia hakuna, na hapo kosa lako litakuwa limekua, kwa sababu sasa una disko matanga lisilo hata na marehemu wa kulitetea. Dawa yake inajulikana: chifu, naibu wake na mzee wa mtaa wawe kwenye orodha ya walioalikwa tangu mwanzo, na waketi karibu na nyama.

Nyeupe nayo ina wenyewe. Makanisa ya Roho yamevaa kanzu nyeupe magharibi mwa Kenya tangu kabla baba yako hajazaliwa, na watu thelathini waliovaa nyeupe wakiimba uani mwako wataletewa mgonjwa aombewe. Halafu kuna tope. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Elgon, na mvua ikianza Machi au Aprili huwa haina haraka ya kuondoka hadi Oktoba. Mgeni aliyetoka Kiminini kwa bodaboda akiwa na suruali nyeupe atafika na suruali ya rangi mbili, na kutoka magotini kushuka atakuwa na gambuti. Mwache. Gambuti ndilo vazi la heshima Trans Nzoia, na anayelivaa ana shamba.

Rangi nyingine? Njano ni UDA, chungwa ni ODM, na pale Bungoma yupo atakayekuja na fulana yenye simba wa Ford Kenya hata ukitangaza waridi. Si ukaidi. Fulana ya kampeni ndiyo nguo ya rangi kali ambayo kila nyumba inayo, ilipatikana bure, na mvaaji hajapata tena nafasi ya kuivaa tangu kura zihesabiwe. Kufikia wakati wa kukata keki una meza mbili, moja ya serikali na moja ya upinzani, nawe unabembeleza muungano.

Tarehe ndiyo sehemu ambayo watu wa Nairobi hukosea zaidi. Aprili kila shilingi imeingia ardhini, mbegu na mbolea, na hakuna mazungumzo mengine ila bei ya mbolea. Oktoba hadi Desemba ni mavuno: hutapata pikapu ya kubeba viti, zote zimebeba magunia, na mgeni wako wa heshima amelala ghalani akilinda mahindi yake. Januari ni karo. Agosti unaweza kujaribu, lakini tazama mwaka kwanza. Ikiwa ni 2026, au mwaka wowote unaogawika kwa mbili, Wabukusu wako kwenye tohara, na kijana mwenye kengele za chinyimba mikononi atapita mbele ya lango lako na umati mzima unaoimba nyuma yake, dakika ile ile DJ wako anapojaribu maikrofoni. Usishindane na kengele zile. Wageni watatoka “kutazama kidogo” na utawaona tena asubuhi, wamechoka, wamekauka sauti, wamefurahi kuliko ambavyo wewe ungeweza kuwafurahisha. Inabaki Februari.

Sasa mtindo wenyewe. Wengi hukimbilia “Usiku wa Msituni”, hasa Kitale, maana msitu wa kweli uko karibu, na Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, iko palepale ikiwalinda swala waitwao nzohe kwenye kinamasi chake. Unamwazia mgeni akija amevaa kama nzohe, mpole, mwenye milia. Hatakuja hivyo. Atakuja na jaketi la madoadoa ya kijani alilolipata kwenye mitumba, na sheria ya Kenya hairuhusu raia avae kinachofanana na sare ya jeshi. Zaidi ya sheria, kuna watu katika vijiji vya Mlima Elgon ambao hawajasahau operesheni ya kijeshi ya 2008, na mbele yao jaketi lile halichekeshi kabisa.

Mtego mkubwa zaidi ni ule wa safari ya kikoloni: kofia za jua, kaki, viti vya turubai, mfano wa filamu ya Out of Africa ya 1985. Pengine mtindo huu unawafaa watu wa mbali. Kitale ni mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi, wengi wao wanajeshi waliogawiwa ardhi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Luteni Kanali Hugh Stoneham aliishi humu akikusanya wadudu, ndege na vitabu hadi alipofariki 1966, na mkusanyiko wake ndio mwanzo wa jumba la makumbusho la Kitale. Huyo alikuwa na kazi yake. Lakini babu za wageni wako walikuwa upande wa pili wa shamba, wakikamua, wakipalilia, kipande kikiwa kimening'inia shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kwa hiyo uliza mapema: nani atavaa kofia na nani atavaa kipande? Nakupa jibu bila malipo. Wageni wote watachagua kuwa bwana shamba. Mpishi, mfagiaji na anayeitwa kwa kengele utakuwa wewe mwenyeji.

Wapwani waliupatia ufumbuzi mchezo huu mapema. Vijana wa beni, ile ngoma ya gwaride iliyoanzia mwambao wa Kenya na kuenea Afrika Mashariki nzima, walijivika sare na vyeo vya Kizungu, lakini makamanda walikuwa wao wenyewe, na kikundi kilipambana na kikundi kwa mavazi na karamu bila kujali mfuko. Ukitaka kumwiga mkoloni, fanya hivyo: gawa vyeo vyote vya juu, na cha chini usikitaje.

Kama lazima urudi nyuma, rudi Chepkube. Huo ndio mtindo ninaoupendekeza bila kusita, na nashangaa mtu anahangaika na usiku wa Paris wakati Bungoma ina Chepkube. Julai 1975 jalidi iliunguza kahawa ya Brazil na bei ikapaa dunia nzima. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na kahawa tele na mkulima asiyelipwa. Kahawa ikaanza kuvuka mpaka usiku, juu ya vichwa vya watu, kwa baiskeli, kwa malori, hadi soko dogo la Chepkube upande wa Bungoma, na kwa muda kuanzia 1976 soko hilo likawa na pesa kuliko miji iliyokuwa na benki. Magendo yalitajirisha watu kwa wiki. Watu husimulia noti zilizobebwa kwenye magunia. Wamugunda Geteria aliitolea Chepkube riwaya mwaka 1985, Black Gold of Chepkube, na jina la kitabu linatosha kuwa kadi ya mwaliko.

Tazama faida zake. Mavazi yapo: suruali za belbotomu, viatu vya soli ndefu, kola pana kama mabawa ya korongo, yote hayo yamo mitumbani au kwenye sanduku la mjomba. Mapambo ni magunia, na magunia tunayo. Wazee, ambao kwenye sherehe nyingine huketi pembeni wakiulizana ni saa ngapi, hapa watakuwa ndio wataalamu. Muziki ni Daudi Kabaka na Simba Wanyika. Kuwa mwangalifu na Les Wanyika, ilianzishwa 1978, na atakuwepo mwalimu mstaafu atakayesimamisha sahani kulieleza hilo kwa kirefu.

Hatari yake ni moja. Ifikapo saa tatu usiku mtu atauliza, kwa utani, kinu cha kusagia cha mzee fulani kilinunuliwa kwa pesa gani. Mzee fulani yuko mezani. Wanawe nao wapo. Tayarisha mlo uletwe dakika hiyohiyo.

Na mlo usiwe vitafunio. Zile sahani za vijiti vyenye kipande cha soseji na nanasi zinaweza kuzungushwa, watu watachukua kwa adabu, kisha watakaa wakisubiri chakula. Watasubiri hadi usiku wa manane wakiwa na tabasamu. Pika ugali, na mmoja uwe wa wimbi. Pika mrenda na kunde. Chinja kuku wa kienyeji. Hapo ndipo utakutana na hesabu ngumu kuliko zote za jioni: kuku ana firigisi moja, imondo, na imondo ni ya mwanamume mwenye heshima. Ukiwa na kuku wanane na wanaume kumi na watano wanaojiheshimu, sherehe yako haina mtindo, ina kesi. Wako wenyeji wanaonunua firigisi kwa kilo na kuzitumbukiza sufuriani kimyakimya. Ni udanganyifu, na naukubali.

Wakati wa kupanga viti, usifuate picha ya mtandaoni inayochanganya watu ili wafahamiane. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakai meza moja, hawapeani mikono, na hawatacheza densi pamoja hata Kabaka mwenyewe afufuke. Mpange mmoja sebuleni na mwingine kwenye tenti, na kati yao weka chifu.

Kuhusu mwanga: mishumaa ni mizuri, lakini itangaze mapema. Mgeni akikuta nyumba ina mishumaa huku kwa jirani taa zinawaka, hatasema kitu. Atadhani tokeni zimekuishia, na baada ya dakika chache simu yako italia ikileta shilingi mia mbili za M-Pesa bila maelezo. Stima ikipotea kweli, hakuna atakayejua tofauti, na hiyo ndiyo faida pekee ya mishumaa niliyoiona.

Wakifika saa kumi na moja ilhali uliandika saa nane, wamewahi. Wakija na watoto, uliwaalika na watoto wao. Wakiondoka na mkebe wa Kimbo uliojaa nyama ndani ya mkoba, hiyo ni sifa kwa mpishi wako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, mkebe haukuguswa.

La mwisho ni la pesa, na hili ulishike hata kama umesahau mengine yote. Kuanzia Alhamisi utapokea ujumbe kutoka kwa marafiki wa Webuye, Kimilili na Kapenguria, wote wakisema wamepata nguo, wako tayari, tatizo ni nauli tu. Usimtumie mtu nauli kabla hujamwona amesimama langoni kwako.