Tunaomba Muhula wa Mbalamwezi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: MASOMO YA SEKONDARI KWA WATU WAZIMA, KAGUNGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, sisi wavuvi wa Kagunga, mpakani na Burundi, tunaipongeza Serikali kwa kusisitiza kuwa elimu haina mwisho. Ujumbe tumeupata. Tatizo ni dagaa, ambao hawajaletewa waraka.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa, wanapanda juu, nyavu zinafuata. Anayerudi alfajiri ana mzigo wa kuanika na usingizi wa kulipa. Ikifika saa kumi jioni, wenzake wa mjini wakiingia kipindi cha Hisabati, yeye anashona nyavu. Lakini mwezi ukipevuka taa inakuwa pambo. Mitumbwi inalala mchangani siku kadhaa na wanaume wazima wanagombana juu ya drafti. Hapo ndipo tunapomtaka mwalimu.

Tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Samaki walipewa likizo ya uzazi, nasi tukabaki kuwasubiri. Wazo la kutugawia japo kitabu cha Baiolojia tunalitoa bure kwa ufungaji ujao.

Usidhani vyeti tunavitaka vya kupamba ukuta. Tangu Mei 2004 ajira ya Serikali inaanzia kidato cha nne. Hata dereva anaulizwa cheti kabla ya leseni. Sasa yupo fundi wa mashine za boti, wa aina inayopatikana kila mwalo kama huu. Mashine inazimika katikati ya ziwa, mama mjamzito anapelekwa hospitali ya Maweni, mawimbi yanapiga. Fundi anachomoa plagi, anaisugua kwa mswaki mkuukuu, anaipuliza, anairudisha, anavuta kamba. Inawaka. Kwenye karatasi, huyu hajui kitu.

Njia anayo, hatukatai: Mtihani wa Maarifa, halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ambapo ataeleza kwa Kiingereza kwa nini mtumbwi unaelea. Kwa Kiha angekueleza mpaka uombe maji ya kunywa. VETA nao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani. Tunauomba upande boti.

Jirani yetu wa Gombe, marehemu Jane Goodall, alishuka ufukweni Julai 1960 kuchunguza sokwe bila shahada yoyote, na baadaye Cambridge wakampokea kusomea udaktari hivyohivyo. Sokwe hawakumdai nakala yenye mhuri wa wakili.

Mwalimu Nyerere aliufanya 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria. Watu wazima wa wakati ule sasa ni mababu. Zamu ni yetu, na ratiba ya mwezi tumeambatisha; haijawahi kuahirishwa na kikao chochote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wavuvi, Kagunga.

Nakala: Wizara ya Mifugo na Uvuvi, itujulishe mapema tarehe ya kufunga ziwa, tuagize madaftari.