Maskini wa Msimu

Kila mwaka, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, Tanzania hupata maskini wapya kwa wingi. Baba mwenye maduka mawili Kariakoo anageuka mkulima wa jembe la mkono. Nyumba ya Mbezi Beach inakuwa ya shangazi. Prado ni ya ofisi, na ofisi yenyewe ni ya rafiki. Mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, wakili anagonga wake, umaskini umethibitishwa.

Maskini wa kudumu hana ufundi huo. Baba yake alizikwa kijijini bila karatasi, kwa hiyo kisakwe kwanza cheti cha kifo, wakala wa usajili, RITA, wakihakiki. Fomu ni ya mtandaoni. Mkopo wake wa kwanza ni wa bando, na mkopeshaji ni kampuni ya simu.

Chuoni wote wanapokea bumu, yaani hela ya chakula na malazi, hadi shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022. Mmoja anakula mara moja ili hela ya mlo wa pili aitume nyumbani, wadogo zake wapate madaftari. Mwenzake anaona bumu ni hela ya wikiendi, tena haitoshi, na ndiye anayelalamika kwa sauti likichelewa.

Marejesho nayo yana adabu zake. Makato ya asilimia 15 humkuta mwalimu wa shule ya kata kila mwisho wa mwezi, bila kumtafuta. Sheria inamtaja aliyejiajiri pia, lakini kijana aliyekabidhiwa kaunta ya baba hana hati ya mshahara. Ana mauzo tu.