Shangazi Anajibu: Paka Kafikisha Umri wa Kustaafu

*Shangazi, paka wetu ana miaka 11. Zamani panya hakuthubutu kusogelea mpunga wetu. Siku hizi paka analala juu ya gunia na panya wanatoboa chini. Mume wangu anasema ni uvivu, anataka nikamtupe sokoni Ipinda. Nifanyeje? – Mke wa Mkulima, Busale*

Mwanangu, mwambie mumeo apige hesabu. Mwaka wa kwanza wa paka hukadiriwa kuwa sawa na miaka 15 ya binadamu, wa pili humfikisha 24, kisha kila mwaka huongeza minne. Paka wenu basi ana 60, umri ambao mtumishi wa serikali anastaafu apende asipende. Na kwa kuwa hajawahi kulipwa, hata kikokotoo cha mafao hakimhusu.

Ila msikimbilie kumstaafisha kabla ya kumchunguza, maana paka ni bingwa wa kuficha maumivu. Kama haruki tena darini, huenda viungo vinamuuma. Akitafuna usipa kwa upande mmoja na mdomo unanuka, tazama meno. Akinywa maji kuliko kawaida na kukojoa sana, shuku figo. Na akila kama mgeni wa msibani huku mbavu zinahesabika, usishangilie: tezi ya shingo huwafanya wazee hivyo.

Kukonda ndiko kunakonitisha mimi. Nenda kwenye mizani ya kakao pale chama cha ushirika (AMCOS), jipime umembeba, jipime tena peke yako, toa, andika. Kila mwezi. (Watacheka. Waache.) Na kila miezi sita amwone mtaalamu. Afisa mifugo akija kwa ng'ombe wa jirani, usimwache aondoke hivi hivi. Muulizie na chanjo ya kichaa cha mbwa, paka naye huugua. Afisa akishindwa, mpandishe paka bodaboda ndani ya tenga hadi kwa daktari wa mifugo Kyela mjini.

*Shangazi, shikamoo. Paka wa bibi anachechemea. Nimpe nusu ya Panadol? – Mjukuu*

Marahaba, na usithubutu! Mwili wa paka hauwezi kuivunja paracetamol. Hata hiyo nusu inaweza kumuua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe pia usimpake, anaweza kupata degedege. Mtandikie gunia kavu karibu na jiko, maana masika ya Kyela unayajua, na chakula kiwe chini, asipolazimika kupanda. Halafu kwa daktari.

*Shangazi, mke wangu anampa paka mbasa, mimi napewa maharage. Nasikia naye kakuandikia. – Mkulima, Busale*

Wewe ndiye uliyetaka kumtupa Ipinda? Una miaka mingapi? Kama hujafika 60, tafuta paka mdogo wa kulinda mpunga, ndiyo kazi yako wiki hii. Mbasa mwambie mkeo atoe miiba kwanza kabla ya kumpa mzee. Wewe ukitaka wako, Ziwa Nyasa bado lina maji.